Majani Mafupi, Siku Ndefu: Maswali Kutoka Uwanja wa Gofu

Mwezi huu sanduku letu la barua linanuka majani mabichi na petroli. Walioandika ni wafyekaji, mpuliza dawa, kijana anayetaka kubeba mikoba ya wachezaji na mzazi mmoja, wote wa Nyanda za Juu Kusini, ambako gofu na chai ni majirani wa siku nyingi. Mchezaji akifika saa mbili asubuhi anakuta uwanja umetandikwa kama mkeka. Walioutandika wameshaloa umande hadi magotini tangu saa 12. Barua tumezifupisha. Aliyeomba jina na mahali vifichwe, tumevificha.

Kamwene mhariri. Nakata majani uwanja wa gofu. Naingia saa 12 asubuhi, natoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, mchana tunapumzika saa moja. Nalipwa kwa siku. Huu ni mwaka wa pili, ila kila baada ya miezi mitatu tunaambiwa tukapumzike wiki mbili, halafu tunaitwa tena. Msimamizi anasema kibarua hana ovataimu wala likizo. Ni kweli?
*Kibarua, jina na mahali vimehifadhiwa*

Kamwene, ndugu yetu. Si kweli. Msimamizi wako amechanganya namna ya kulipwa na haki za aliyeajiriwa. Kulipwa kwa siku ni utaratibu wa malipo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumtoa mtu kwenye ovataimu kwa sababu anapokea pesa yake jioni badala ya mwisho wa mwezi.

Tuanze na saa. Kawaida ni saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Saa ya chakula haihesabiwi. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 11. Toa moja ya mapumziko, zinabaki 10. Zidisha kwa siku 6: saa 60. Kwa hiyo kila wiki unafanya saa 15 za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Tena ina kikomo: isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na iwe kwa makubaliano, si kwa amri. Zako kwa wiki nne ni 60. Maana yake hata kama ungekuwa unalipwa kila senti, ratiba yenyewe imeshavuka mstari.

Hukutuandikia unalipwa kiasi gani, basi tuchukue shilingi 9,000 kwa siku, kwa wepesi wa hesabu tu. Saa 45 ukizigawa kwa siku 6 unapata saa 7.5 za kawaida kwa siku. 9,000 gawanya kwa 7.5 ni 1,200 kwa saa. Saa ya ziada ni 1,800. Kila siku una saa 2.5 za ziada, yaani 4,500. Kwa wiki 27,000. Kwa wiki nne 108,000. Hiyo ndiyo pesa inayobaki uwanjani pamoja na majani. Siku ukiitwa Jumapili, ambayo ndiyo siku yako ya mapumziko, kila saa ni mara mbili: 2,400. Sikukuu ya kitaifa vilevile. Anayelipwa kwa mwezi atumie njia nyingine: mshahara wa msingi gawanya kwa 195 (ni saa 45 mara wiki 4.333), utapata malipo ya saa moja.

Likizo ni siku 28 za malipo katika mzunguko wa miezi 12. Huo mtindo wa kupumzishwa wiki mbili na kuitwa tena tunaujua, na walioandika sheria waliujua pia. Aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, akijumlisha vipindi vyote vikazidi miezi sita, ana haki ya likizo yenye malipo. Wewe kwa mwaka una miezi zaidi ya kumi.

Kima cha chini hutegemea sekta, na amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi imeanza 1 Januari 2026. Nenda kwa afisa kazi wa mkoa ukaulize uwanja wenu umeandikishwa upande upi, maana uwanja ulio chini ya shamba na ulio chini ya hoteli huenda visiangukie fungu moja la mishahara. Jibu hilohilo litakuonyesha chama cha kujiunga: mashambani kuna TPAWU, hotelini na kwenye huduma kuna CHODAWU.

Sasa ushahidi, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Nunua daftari dogo la kutosha mfukoni. Kila siku andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, kazi uliyofanya na nani alikuwepo. Andika siku hiyohiyo. Daftari lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja linajulikana kwa kutazama tu. Kama unalipwa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Ratiba ikibandikwa ukutani, ipige picha. Na kama hukupewa mkataba wa maandishi usikate tamaa: mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unamgeukia yeye.

Mazungumzo yakikwama, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huduma yao haina ada. Utajaza fomu namba 1, nakala moja umpelekee mwajiri na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Angalia siku: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu kuachishwa, madai mengine kama ovataimu na likizo yana siku 60. Watu hupoteza madai mazuri kwa kusubiri "bosi mkubwa arudi kutoka Dar".

Natumia mashine ya kufyekea ya begani. Haina nguvu, inatoa moshi mwingi, plagi inakuwa nyeusi na mbichi. Juzi ilikwama moja kwa moja. Nimeambiwa nitakatwa 180,000. Halafu asubuhi vidole vinakufa ganzi. Nifanyeje?
*Mfyekaji, Mbeya*

Maswali matatu kwa barua moja, lakini yote yanatoka kwenye mashine moja.

Moshi na plagi mbichi kwanza. Injini hizi za tustroki hazina oili yake kwenye sehemu ya chini kama pikipiki. Oili inapita pamoja na petroli. Ikizidi, moshi na masizi. Ikipungua, pistoni inakauka, inakwaruza silinda na kukwama. Uwiano umeandikwa kwenye kifuniko cha tangi au kwenye kitabu chake. Ukisema 1:50, weka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au 100 kwa lita 5. Ukisema 1:25, ni mililita 40 kwa lita, au 200 kwa lita 5. Tatizo la viwanja vingi ni kupima kwa kifuniko cha chupa, na kila mtu ana kifuniko chake. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, toa sindano, ulifunge kwa kamba kwenye dumu la mafuta. Hapo hata mgeni hakosei. Changanyia kwenye dumu, si kwenye tangi la mashine: tia nusu ya petroli, tia oili yote, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutegemee. Oili iwe ya tustroki. Ya gari inaacha masizi na kuziba njia ya moshi.

Halafu kuna mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mashine iliyotegwa Dar es Salaam ikipandishwa huku inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayoipata, na plagi nyeusi ndiyo dalili yake. Lakini kabla hujamlaumu fundi wa kabureta, fungua kichujio cha hewa. Cha sponji kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikamue bila kukisokota, kikauke kabisa, kisha tia matone machache ya oili. Wakati wa vumbi la Agosti na Septemba fanya hivyo kila siku. Plagi isugue kwa brashi ya waya, upenyo wake uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Bado haijachangamka? Sasa muite fundi apunguze petroli kidogo kwenye kabureta. Wewe usizungushe ile skrubu kwa kubahatisha. Petroli ikipungua kupita kiasi, na oili imepungua, unarudi kwenye kukwama.

Kuhusu 180,000. Mwajiri hawezi kuzikata kwa neno la mdomo. Ili akukate kwa uharibifu, lazima uwe umetokea kazini na kwa kosa lako, akuandikie chanzo chake, kiasi na namna alivyokipata, akupe nafasi ya kujitetea, na wewe ukubali kwa maandishi. Kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yako ya fedha. Anayepata 234,000 kwa mwezi hakatwi zaidi ya 58,500 kwa mwezi. Omba mashine ifunguliwe mbele yako. Silinda yenye mikwaruzo mirefu ya kukauka inataka swali moja: nani alichanganya mafuta siku hiyo? Kama ni stoo, kosa si lako. Usisaini karatasi kwa sababu tu imeletwa siku ya mshahara.

Vidole kufa ganzi usivichukulie kama baridi ya Mbeya pekee. Mtetemo wa mashine unabana mishipa midogo ya damu, baridi inaongeza, na baadaye vidole vinageuka vyeupe kama vimechovywa unga. Fanya dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo, kisha mwachie mwenzako na wewe ushike reki. Pasha mikono moto kabla ya kuwasha. Shika mpini kwa utulivu. Wanaoukaba ndio wanaoumia mapema. Kagua nyuzi za nailoni: pande zote mbili ziwe urefu sawa, maana upande mmoja ukiwa mfupi mashine inapiga ngoma. Kisu cha chuma kilichopinda au kumeguka kitupwe, kisinyooshwe kwa nyundo. Vidole vikibaki na ganzi hata Jumapili, nenda hospitali, umwambie daktari unafanya kazi gani na kwa saa ngapi, ayaandike kwenye cheti.

Kwa nini grini, yale majani mafupi yanayozunguka tundu, inabaki na mistari ya majani yasiyokatika wakati kisu ni kipya? Na kwa nini tundu la zamani linaonekana hata baada ya wiki?
*Mkata grini, Iringa*

Kisu kipya hakitoshi. Mashine ya silinda inakata kama mkasi: visu vinavyozunguka vinapita juu ya kisu cha chini kisichozunguka. Nafasi kati yao ndiyo kila kitu. Zima injini, chomoa waya wa plagi, vaa glavu nene. Chana gazeti vipande vyembamba kama kidole. Ingiza kipande kati ya kisu kinachozunguka na cha chini, kisha zungusha silinda taratibu kwa mkono. Karatasi ikikatwa safi, sawa. Ikijikunja, kuna nafasi. Silinda ikiwa nzito na unasikia chuma kinalia, umebana mno, na visu vitachemka na kuliwa. Jaribu kushoto, katikati na kulia; mistari yako karibu hakika inatoka upande mmoja. Kaza kidogo kidogo, upande mmoja kisha mwingine, ukirudia karatasi kila mara.

Urefu wa kukata kwenye klabu ndogo isiyo na mfumo mkubwa wa maji, milimita 5 au 6 inatosha. Wanaoiga milimita 3 wanazoziona kwenye televisheni wanaishia na udongo. Usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Mvua ikiwazuia siku nne, shukeni kwa hatua. Badilisha mwelekeo kila siku, la sivyo majani yanalala upande mmoja.

Umande ufagie kwanza kwa ufito mrefu wa mwanzi, ule ule unaotupa ulanzi, ukiupitisha huku na huku juu ya majani. Majani yaliyolowa yanashikamana na kuziba silinda. Asubuhi za Juni na Julai kukiwa na sakitu, usikanyage kabisa hadi iyeyuke. Jani lililoganda linavunjika ndani, na nyayo zako zitaonekana nyeusi kwa siku nyingi. Mchezaji mwenye haraka asubiri pia.

Tundu. Kipenyo chake ni milimita 108, kina kisipungue milimita 101.6, na kikombe kizame angalau milimita 25.4 chini ya uso. Chagua mahali pa hatua nne au zaidi kutoka ukingo wa grini, pasipo na mteremko wa ghafla pembeni mwa tundu. Kile kipande cha udongo na majani ulichokitoa ndicho kinachoziba tundu la zamani, na hapo ndipo watu wanaharakisha. Kikikaa juu, mashine inakinyoa hadi mizizi, unapata duara la kahawia. Kikikaa chini, mpira unaruka na majani ya pale yanabaki marefu. Kwaruza udongo wa chini ulegee, tia au punguza mchanga hadi kipande kilingane na uso, kisha kanyaga kwa ubao, si kwa kisigino. Mwagia maji kidogo pembeni, maana ule mzingo ndio unaokauka kwanza.

Nina mimba ya miezi minne. Kazi yangu ni kupuliza dawa ya magugu na ya ukungu kwa bomba la mgongoni. Naogopa kusema, nisije nikaachishwa. Je, nikivaa barakoa inatosha?
*Mama kijacho, Njombe*

Haitoshi, dada. Barakoa ya kitambaa haizuii dawa, na sehemu kubwa ya sumu hizi huingia kwa ngozi: mikono, mapaja, na mgongo pale bomba linapovuja. Mwajiri haruhusiwi kukupa wala kukuacha ufanye kazi yenye hatari kwa afya yako au ya mtoto ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Akupe kazi nyingine inapowezekana. Kukuachisha kwa sababu ya mimba ni kuachisha kusiko halali. Kwa hiyo sema, na useme kwa maandishi: pata cheti cha kliniki, andika barua ya mistari mitatu, baki na nakala. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, mapacha 100. Taarifa unatakiwa kuitoa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na likizo unaweza kuianza wiki nne kabla. Ukirudi una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi.

Atakayeshika bomba baada yako asome haya. Dawa iwe na lebo inayosomeka na iwe imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Iliyomiminwa kwenye chupa ya soda ikataliwe. Kipimo kinajulikana kwa kupima eneo, si kwa "vifuniko viwili". Pima mita 10 kwa 10, puliza maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, angalia yametumika mangapi. Tuseme lita 3. Hiyo ni lita 300 kwa hekta. Lebo ikitaka lita 3 za dawa kwa hekta, bomba la lita 16 linahitaji mililita 160. Kila mpulizaji ajipimie, kwa sababu mwendo wa mtu mrefu si wa mtu mfupi.

Vaa glavu za mpira zisizonyonya, si za kitambaa, buti, na suruali iwe nje ya buti ili dawa isitiririkie ndani, miwani, koti lisilopitisha maji mgongoni. Vifaa hivi ni wajibu wa mwajiri, bila kukatwa, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ndio wanaokagua. Puliza asubuhi kabla ya upepo, ukiuacha upepo ukupige ubavuni au mgongoni, usiuelekee. Pua ya bomba ikiziba usiipulize kwa mdomo. Tumia brashi laini. Chombo kikiisha kisuuze mara tatu, maji ya kusuuza yaingie kwenye bomba, kisha kitobolewe. Jasho jingi, mate, kichefuchefu, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kuchezacheza: vua nguo, oga kwa sabuni, nenda hospitali na lebo ya dawa mkononi. Maziwa si dawa ya sumu, jamani.

Shikamooni. Nina miaka 19, nataka kuwa kedi. Nijue nini ili nisifukuzwe siku ya kwanza, na je, kedi ni mwajiriwa?
*Kijana, Mafinga*

Marahaba. Kedi, mbeba mkoba wa mchezaji, anatembea. Mashimo 18 ni kilomita 8 hadi 10 na saa nne au zaidi. Uwanja wa mashimo tisa unazungukwa mara mbili. Mkoba una kilo 10 na kuendelea. Wa kamba mbili, kama upo, uvae mgongoni; wa kamba moja badilisha bega kila shimo. Viatu viwe vimeshazoea mguu. Kiatu kipya cha mtumba kitakutoa malengelenge kabla ya shimo la tano.

Kabla ya kuanza hesabu fimbo. Mwisho ni 14. Ya 15 inamletea mchezaji wako adhabu ya mapigo mawili kwa kila shimo lililochezwa nayo, hadi manne kwa mzunguko, na lawama utazipata wewe. Akipiga, jicho lako libaki kwenye mpira hadi usimame, huku ukiuoanisha na mti au kichaka. Kuutafuta ni dakika 3 tu tangu 2019. Zamani zilikuwa 5. Kwenye banka, lile shimo la mchanga, ingia upande wa chini ulio karibu na mpira, toka kwa njia uliyoingilia, piga reki ukirudi nyuma hadi nyayo zako mwenyewe zifutike. Kipande cha majani kilichong'olewa kirudishe na ukikanyage. Alama ya mpira kwenye grini irekebishwe kwa kusukuma kingo kuelekea katikati. Anayeinua katikati anakata mizizi.

Makosa ya kanuni yanayowagharimu makedi wapya ni haya. Usisimame nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa mpira wake anapoanza kujiweka tayari kupiga. Ni adhabu, hata kama hukusema neno. Kwenye grini unaruhusiwa kuweka alama na kuinua mpira wake, lakini kuudondosha upya pale kanuni inapotaka ni kazi yake mwenyewe, si yako. Ushauri mpe yeye tu. Mchezaji mwingine akikuuliza "amepiga fimbo gani?", tabasamu ukae kimya. Kivuli chako kisikae juu ya tundu.

Bei mkubaliane kabla ya shimo la kwanza: ya mashimo 9, ya 18, na kama kusafisha fimbo na viatu vimo ndani. Bakshishi ni asante, isiwe sehemu ya hesabu.

Kama wewe ni mwajiriwa? Wengi huambiwa "mnajitegemea". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa likitimia hata moja kati ya mambo haya: saa au namna yake ya kazi inaongozwa na mwingine, amemfanyia mtu huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anapewa vifaa, au anamtegemea kwa kipato. Kedi anayepangwa zamu kila asubuhi, akavishwa sare ya klabu na kuadhibiwa akichelewa, ana la kusema mbele ya CMA. Anayekuja Jumamosi mbili kwa mwezi kumbebea mteja wake, hana. Huyo ajiandikishe NSSF mwenyewe kama mtu aliyejiajiri.

Mwenzetu alipigwa na mpira kichwani, na wiki iliyofuata radi ilipiga mti tulipokuwa tumejikinga karibu. Nani anagharamia, na tujikinge wapi?
*Wafanyakazi watatu, Rungwe*

Poleni sana. Aliyeumia kazini anahudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni wa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mjulisheni mwajiri mara moja, kwa maandishi, mkiwa na majina ya walioona. Yeye anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku 7. Akizembea, nendeni wenyewe, na dai lisipite miezi 12. Mpira una gramu 46 hivi na unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo mtu aliyepigwa kichwani asiachwe alale "aone kesho". Akitapika, akichanganyikiwa au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali usiku huohuo.

Radi: mkiona mwanga, hesabuni. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, iko ndani ya kilomita 10, kazi isimame. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Mti ulio peke yake na kibanda cha mabati kisicho na kuta si kinga. Ingieni kwenye jengo lenye kuta au gari lenye bodi ya chuma, vioo vimefungwa. Reki za chuma, fimbo na mwavuli viachwe palepale vilipo. Msimamizi anayesema "malizieni hilo shimo kwanza" mwonyesheni ukurasa huu.

Mwanangu wa miaka 13 huokota mipira kwenye bwawa la uwanja na kuwauzia wachezaji. Anapata hela ya daftari. Nimkataze?
*Baba, Tukuyu*

Mkataze bwawa leo, baba. Chini kuna tope laini na mizizi, mguu ukizama mtoto hapigi kelele, anazama kimya. Kuajiriwa, sheria inaanzia miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shule. Akifika umri huo, anaweza kuokota mipira kwenye uwanja wa mazoezi baada ya masomo, mazoezi yakiwa yamesimamishwa, akiwa na mtu mzima. Iliyo bwawani itolewe kwa neti ya mti mrefu na mtu aliye ukingoni, au iachwe huko huko.